Somo Lianze na Chujio Kuukuu: Maoni juu ya Kufundisha Ufundi wa Magari

Yapo masomo ambayo mwalimu huyafundisha mwaka hata mwaka, wanafunzi wake wakayafaulu, naye akaridhika, mpaka itokee siku ya kumwonyesha kwamba hakufundisha kitu. Sisi siku hiyo ilitukuta Bujora.

Tulikuwa tumewapeleka wanachuo wetu katika Makumbusho ya Wasukuma kwa ziara ya mafunzo. Shabaha yetu ilikuwa kuwaonyesha mambo ya uhunzi, ili wale wanaojiandaa kufundisha stadi za ufundi watambue kuwa ujuzi wa chuma katika nchi hizi za Ziwa haukuanza na karakana za wageni. Tulipokuwa tukitoka tulikuta gari dogo chini ya mti, boneti yake ndefu imefunguliwa, na mzee mmoja amesimama kando yake ameshika kiuno. Lilikuwa Datsun 240Z, gari la mbio la miaka ya 1970.

Wanachuo walilizunguka kwa shauku, na haikuwa ajabu. Gari la aina hiyo lina historia katika Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971, likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, katika mbio zilizokwisha kwa sare ya pointi kati yake na Datsun nyingine. Magari ya umri huo yamerudi tena barabarani katika Safari ya magari ya kale, iliyoanza mwaka 2003. Lakini gari lililokuwa mbele yetu siku hiyo halikuwa katika mashindano yoyote. Lilikuwa limeshindwa kupanda mwinuko.

"Shikamoo, mzee," tulimwamkia.

"Marahaba, walimu. Kama mna fundi kati yenu, Mungu amemleta."

Akatueleza ugonjwa wa gari lake kwa utaratibu mzuri kuliko vitabu vingi. Likisimama, injini hunguruma bila kasoro. Katika barabara tambarare huenda. Likipanda mlima, au akikanyaga mafuta ili apite lori, hukohoa, likapoteza nguvu, likazimika. Akisubiri dakika chache huwaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Gereji moja ilikuwa imekwisha kumbadilishia chujio la mafuta, ambalo mafundi huliita filta, mara mbili katika mwezi ule ule. Kila mara gari lilipona kwa siku chache, kisha ugonjwa ukarudi. Alikuwa amekwisha kukata tamaa, na alikuwa akitafuta mtu wa kulinunua kwa bei ya vyuma chakavu.

Tuliwageukia wanachuo wetu kwa kujiamini. Wote walikuwa wamesoma mfumo wa mafuta ya petroli muhula uliopita, na wote walikuwa wamefaulu. Wa kwanza alisema, "Chujio la mafuta ni kifaa kinachozuia uchafu usiingie katika injini." Wa pili alitaja hatua saba za kubadili chujio, bila kuruka hata moja. Wa tatu alishauri chujio libadilishwe.

Mzee alitabasamu kwa upole, akasema: "Hayo, mwanangu, hata fundi wangu anayajua."

Tuliona haya. Majibu yale yalikuwa ni yetu wenyewe, neno kwa neno, kama tulivyoyaandika ubaoni.

Jinsi jibu lilivyopatikana

Hapo ndipo binti mmoja aliyekuwa amekaa kimya alipouliza kama angeweza kutoa mfano wa nyumbani. Kwao ni Igombe, ufukweni mwa Ziwa, na jamaa zake ni wavuvi. Alisema: "Wavu uliojaa magugu maji, ukitulia majini, haukulemei. Ukianza kuuvuta kwa nguvu ndipo unapojua uzito wake. Labda chujio hili linapitisha mafuta kidogo kidogo, yakatosha gari likisimama, lakini injini ikitaka mengi kwa mara moja, hayapiti."

Mfano huo ulitosha kufungua mlango. Injini iliyosimama kwa utulivu huhitaji mafuta kidogo sana. Injini hiyo hiyo ikipanda mlima kwa nguvu zake zote huhitaji mara kumi na zaidi ya kiasi hicho. Karatasi ya chujio iliyozibwa kwa sehemu kubwa huweza kutosheleza haja ya kwanza na kushindwa haja ya pili. Katika gari lile pampu huendeshwa na injini yenyewe, na msukumo wake ni mdogo, takriban robo ya kilo kwa sentimita ya mraba, hali upepo wa tairi hufika karibu kilo mbili. Pampu dhaifu namna hiyo haiwezi kuilazimisha njia iliyozibwa. Bakuli la kabureta hukauka, na injini hufa kwa kiu. Gari likisimama, mafuta hupenya polepole, bakuli hujaa, na injini huwaka tena. Kila dalili aliyoitaja mzee ilipata sababu yake.

Mwanachuo mwingine, sasa akiwa amechangamka, alipinga. Alisema dalili hizo hizo huweza kuletwa na joto: petroli ikichemka ndani ya bomba hugeuka mvuke, na pampu hushindwa kuvuta mvuke. Lilikuwa pingamizi zuri, na magari yenye kabureta huugua hivyo kweli. Tukamuuliza angewezaje kuzitenganisha sababu hizo mbili. Akafikiri, kisha akamgeukia mzee: "Je, hutokea hata asubuhi mapema, kabla injini haijapata joto kali?" Mzee akajibu kuwa hutokea hata alfajiri yenye baridi, mradi kuna mlima. Basi joto likaachiliwa, na chujio likabaki mshitakiwa.

Lakini kwa nini chujio jipya lizibe kwa siku chache? Swali hilo ndilo ambalo fundi wa gereji hakuliuliza, na sisi katika mafundisho yetu yote hatukuwahi kuliuliza. Injini ilipopoa, tulilitoa chujio kwa uangalifu, tukalimimina kinyumenyume juu ya kitambaa cheupe. Ukatoka unga mwekundu wa kahawia, na matone machache ya maji yaliyokataa kuchanganyika na petroli. Kwa ushahidi huo tulimwuliza mzee kama gari limewahi kukaa muda mrefu bila kutumika. Akasema lilikaa bandani miaka sita, tangi likiwa nusu.

Kumbe ugonjwa haukuwa katika chujio hata kidogo. Ulikuwa nyuma ya gari, katika tangi lililoshika kutu. Hewa yenye unyevu iliingia katika sehemu iliyokuwa tupu, maji yakatona juu ya bati na kutulia chini ya petroli, bati likaliwa. Kila chujio jipya lilifanya kazi yake kwa uaminifu: lilizuia kutu mpaka likajaa. Fundi aliyelitupa alikuwa akimtupa shahidi bila kumhoji.

Mzee hakuliuza gari lake. Tangi lilishushwa, likasafishwa, na chujio lililowekwa baada ya hapo halikuziba tena.

Kosa letu lilikuwa wapi?

Tuliporudi chuoni tulilitoa andalio letu la somo na kulisoma kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Lilianza na maana ya chujio. Likafuata mchoro. Zikafuata hatua za kubadili. Zana ya kufundishia ilikuwa chujio jipya, safi, ndani ya kijisanduku chake. Tathmini iliwataka wanachuo wataje maana na hatua. Mkaguzi yeyote angeliona ni andalio kamili.

Kosa lilikuwa katika zana. Chujio jipya ni bubu. Halijaona tangi, halijaona barabara, halina la kumwambia mwanafunzi ila umbo lake. Chujio kuukuu limebeba habari za mfumo mzima. Kutu nyekundu hutuambia habari za tangi. Vipande vyeusi vinavyonata hutuambia kuwa mipira ya mafuta inaoza kwa ndani. Mchanga hutuambia kuwa kifuniko cha tangi hakizibi, au kwamba mafuta yalitiwa kutoka katika dumu chafu. Maji hutuambia yao. Mwanafunzi anayejua kusoma alama hizo huweza kwenda mwenyewe mpaka kwenye chanzo. Yule anayejua hatua saba tu ataishia kuuza vyujio.

Maoni yetu, basi, ni haya: somo la chujio la mafuta, na masomo yote ya jamii hiyo katika ufundi, lianze na kifaa kilichokwisha kutumika au kuharibika, na swali la kwanza liwe "kimepatwa na nini?" kabla ya "kinabadilishwaje?" Hatua za kubadili zifundishwe, tena kwa ukali, lakini zije baada ya swali.

Somo lipangweje

Tunapendekeza mpango ufuatao wa vipindi viwili vilivyounganishwa. Hauhitaji gari, na majaribio yake hayahitaji petroli.

Kwanza, mwalimu aombe vyujio vilivyotupwa katika gereji yoyote ya jirani. Vimiminwe na kuanikwa nje mahali pa wazi, mbali na moto na watoto, mpaka visitoe harufu kabisa. Baada ya hapo vikatwe kwa kisu, kila kikundi kipewe kimoja na kitambaa cheupe. Wanafunzi watandaze karatasi iliyokunjwakunjwa ndani yake, na waseme kwa nini imekunjwa. Wataona wenyewe kuwa mikunjo huwezesha karatasi pana kuingia katika kopo dogo, na kwamba upana huo ndio unaochelewesha kuziba. Kisha waeleze uchafu waliouona, na wakisie ulikotoka. Sumaku isaidie kutambua chembe za chuma, lakini waonywe kuwa kutu nyekundu iliyokomaa huweza kuikataa sumaku, kwa hiyo kutonaswa si uthibitisho kwamba si kutu.

Pili, lifanyike jaribio la maji. Chupa ikatwe kitako, igeuzwe, mdomo wake ufungwe kitambaa. Lita moja ya maji safi ipitishwe, na muda upimwe kwa saa. Kisha yapitishwe maji yenye vumbi laini, na baada ya hapo lita nyingine ya maji safi ipimwe tena kwa kitambaa kile kile. Irudiwe mara tano na matokeo yachorwe katika grafu. Mwanafunzi atakayeona mstari wake ukipanda hatahitaji kukariri kwamba chujio huchoka. Mwalimu aulize hapo swali la mzee wa Bujora: gari lisimamalo lina haja gani, na lipandalo mlima lina haja gani?

Tatu, lifuate jaribio la chai. Chai ya rangi isiyo na majani ipitishwe katika kitambaa kile. Itatoka na rangi yake. Hapo wanafunzi watambue mpaka wa kazi ya chujio: huzuia kinachoelea, haliwezi kuzuia kilichoyeyuka. Jambo hili lina uzito katika maisha ya kila siku. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupita katika chujio lolote bila kuacha alama. Ndiyo maana udanganyifu huo hutafutwa kwa njia ya vinasaba vinavyotiwa katika mafuta, wala si kwa vyujio. Kijana aliyefanya jaribio la chai hatamshauri mwenye gari abadili chujio ili kutibu mafuta yaliyoghushiwa.

Mwisho, na mwisho tu, wafundishwe kubadili. Hapo mwalimu asiwe na masihara hata kidogo.

Usalama si nyongeza ya somo

Petroli huua kwa njia mbili ambazo vijana wetu huziona kila siku na kuzizoea. Ya kwanza ni moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukusanyika katika mashimo. Kwa hiyo kazi hii isifanywe juu ya shimo la gereji, wala karibu na jiko, sigara au kazi ya kuchomea vyuma. Injini iwe imepoa, na waya wa betri uwe umefunguliwa. Kifuniko cha tangi kilegezwe ili msukumo ulio ndani utoke. Mpira ubanwe au uzibwe mafuta yasimwagike, na yatakayodondoka yapokewe katika chombo cha bati. Mtu wa pili asimame na kizima moto au ndoo ya mchanga mkavu, asiwe na kazi nyingine.

Ya pili ni mdomo. Kunyonya petroli kwa mpira ni desturi iliyoenea mno, na wengi huiona kuwa dalili ya ukomavu wa fundi. Tone likiingia katika mapafu huweza kuleta ugonjwa wa kufisha. Hata kupuliza chujio kwa mdomo ili "lizibuke" kukomeshwe. Ni hatari kwa anayepuliza, na karatasi iliyopulizwa huweza kupasuka, ikaacha uchafu upite.

Chujio jipya liwekwe kwa kufuata mshale wake, ukielekea upande wa injini. Klipu zilizochoka zibadilishwe, na mipira iliyopasuka isisamehewe. Injini iwashwe, na kila kiungo kikaguliwe kama kinavuja kabla boneti haijafungwa. Kila agizo liandamane na sababu yake, kwa maana kijana asiyejua kwa nini mvuke hutambaa chini atalifuata agizo mwalimu akiwapo, na kulisahau akiondoka.

Pingamizi tunazozitarajia

Wenzetu watasema muda hautoshi na madarasa yamejaa. Ni kweli, lakini kukariri hatua saba nako hula muda, na tumeona mavuno yake. Darasa kubwa lafaa kugawanywa katika vikundi, na vyujio vilivyotupwa havina uhaba.

Watasema mtihani hautaki hayo. Hapa lawama haiwezi kuwaangukia wanafunzi. Sisi ndio tunaotunga mazoezi na majaribio ya chuo. Badala ya kuuliza "Taja kazi tatu za chujio la mafuta," twaweza kuuliza: "Gari huzimika mlimani tu. Chujio lake limebadilishwa mara mbili mwezi huu. Ungetaka kujua nini zaidi, na kwa nini?" Swali hilo halijibiki kwa kukariri.

Watasema kabureta ni mambo ya kale. Hilo ni pingamizi la haki. Katika magari mengi ya sasa chujio limo ndani ya tangi pamoja na pampu, na msukumo wa mafuta ni mkubwa mara nyingi kuliko wa Datsun ile, hata ni hatari kufungua bomba kabla ya kuuondoa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo gari la kale ni mwalimu bora wa kuanzia. Viungo vyake vyote vinaonekana kwa macho. Aliyeelewa mahitaji ya mafuta, kuziba na chanzo cha uchafu katika gari la wazi ataweza kuyafikiria katika gari lililofichwa. Asiyeelewa atabaki kubadili vifaa kimoja baada ya kingine, kwa fedha ya mwenye gari.

Kwa nini jambo hili sasa

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitutaka tutoe elimu ya kujitegemea, na akaonya dhidi ya elimu inayomtenga mwanafunzi na jamii yake. Wengi wetu tuliitafsiri kuwa ni jembe na bustani ya shule. Tulisahau sehemu iliyo ngumu zaidi, yaani akili inayojitegemea, inayouliza na kujitafutia majibu. Leo mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Vijana watafundishwa ufundi shuleni, na walimu wa kuwafundisha watatoka katika vyuo kama chetu. Tukiwapa hatua saba, wataenda kuwapa wengine hatua saba. Katika miji yetu watajaa mafundi wenye vyeti, na wazee wataendelea kulipia vyujio vitatu kwa tangi moja bovu.

Hatusemi kwamba mfano wa wavu utafaa kila mahali. Mwanafunzi wa Magu anayechekecha unga anao mfano wake, na yule wa pwani anayechuja tui anao wake. Tunalosema ni kuwa binti wa Igombe alikuwa na jibu kabla hajaja chuoni. Sisi kwa muhula mzima hatukumpa nafasi ya kulisema, kwa kuwa tulishughulika kumwandikia la kwetu.

Kitambaa kile chenye kutu tumekitundika ukutani katika chumba cha maandalio ya masomo. Tunawaomba wenzetu walijaribu somo hili katika vituo vyao vya mazoezi ya kufundisha, walirekebishe palipo na kasoro, na watuandikie katika kurasa hizi waliyoyaona, hasa yale yaliyoshindikana.